Kuugua kwa Muda Mfupi

Kijana aliyesoma wasifu wa marehemu alikuwa na sauti nzuri, na alipofika kwenye sentensi ile aliipitisha haraka kama wanavyoipitisha wote: "Dada yetu Nafula ameaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi." Nilikuwa nimekaa mstari wa pili chini ya hema, huko Namboboto, na chupa ya maji niliyokuwa nayo mkononi nikajikuta nimeiminya mpaka ikapiga kelele. Mwanamke aliyekaa karibu nami akanishika bega. "Pole, dada," akasema, akidhani nalia. Sikuwa nalia. Nilikuwa na hasira ya kutosha hema zima. Muda mfupi gani? Nimemjua Nafula zaidi ya miaka ishirini, na mwaka ule niliokaa naye ua mmoja mjini Busia tayari alikuwa akisimama katikati ya vingazi vya kupandia jikoni, mkono kifuani, akijifanya anatazama malori. Wangesema ameugua tangu watoto wa leo hawajazaliwa. Wangesema ameugua mbele ya macho yetu. Lakini wasifu wa marehemu una maneno yake, na kijana alikuwa ameshafika kwenye masomo na ubatizo.

Mwaka huo nilikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu, nina cheti cha maabara na jozi moja ya viatu vya maana, nikapata kandarasi katika kituo kidogo cha utafiti upande wa Alupe. Kituo chenyewe hakipo tena, ukienda leo utakuta shamba la mihogo. Tulikuwa na tumbili, majike watupu, wamewekwa wanne wanne katika vizimba vya waya, kila mmoja na mkanda wa rangi shingoni. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye stuli na kutazama: nani amemfukuza nani, nani amekula kwanza, nani anachambuliwa manyoya na nani hana wa kumchambua. Asubuhi tuliwapima kwa pamba kujua kama wanaona hedhi. Watu waliponiuliza nafanya kazi gani nilijibu utafiti wa moyo, na hiyo ilikuwa kweli, maana ukisema umeajiriwa kutazama tumbili wakigombana watu hucheka mpaka chai inamwagika. Mkubwa wetu alikuwa Daktari Mwende, mwanamke mwembamba kutoka Nairobi ambaye hakupenda maneno mengi. Alitaka kujua kwa nini, katika majike wanaolishwa chakula kimoja chenye mafuta mengi, mmoja mishipa yake ya moyo inaziba na mwingine haizibi. "Wanaume wameshachunguzwa vya kutosha," aliniambia siku ya kwanza. "Mwanamke, watu wanasema homoni zake zinamlinda, basi wanamwacha. Mimi nauliza, na zile homoni zikizimika mapema?"

Katika kizimba cha kwanza mkubwa alikuwa Nyekundu na wa mwisho kabisa alikuwa Njano. Chakula kilipoingizwa, Nyekundu alikula ameketi, taratibu, mgongo ukutani. Njano alingoja. Zamu yake ilipofika alinyakua, akatafuna upesi upesi, macho yako kwa wenzake badala ya kwenye chakula, na Nyekundu akijikuna tu, Njano aliachilia alichoshika na kuhama. Mara nyingi hakuna aliyemgusa. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa hilo. Hakupigwa sana, ila hakukaa hata kidogo bila kungoja kupigwa. Hedhi yake ilipotea mwezi hadi mwezi. Na kilichotushangaza sote ni tumbo: miguu myembamba, mgongo wa mifupa, lakini tumbo limetokeza mbele. Mzee Etyang, Mteso wa Malaba aliyekuwa mlishaji wetu na mwenye kinyongo na kila mtu, alisimama mbele ya kizimba akatikisa kichwa. "Huyu anakula saa ngapi hata apate kitambi? Mimi nakula vizuri na sina." Daktari akatueleza kwamba mnyama akiishi kwa hofu kila siku, mwili wake huweka mafuta ndani, kuzunguka maini na matumbo, mayai yake ya uzazi hulala, na ile kinga ya homoni huondoka. Kisha akampeleka Njano kwenye mashine. Tulikuwa na mashine ya kupima mapigo ya moyo na nyingine ya kutazama mafuta ya tumboni, na kila tumbili alipimwa kwa mpango, akiwa amelazwa kwa dawa, amefunikwa blanketi safi asipate baridi. Naomba lile blanketi likumbukwe, maana nitalirudia.

Jioni nilirudi Busia, kwenye chumba nilichopanga nyuma ya maegesho ya malori, katika ua wa Mzee Wandera. Mzee alikuwa wakala wa kutoa mizigo forodhani, mtu wa simu mbili na kitambi kimoja kikubwa. Alikuwa na wake wawili. Mke mkubwa, Mama Brayo, aliendesha hoteli ya mbao mbele ya ua, ambapo madereva wa malori na matanboi wao walikula ugali wa muhogo na wimbi, matumbo, samaki, na chapati za asubuhi. Mke wa pili ndiye alipika vyote hivyo, na huyo ndiye Nafula. Hakuwa na mtoto. Katika ua ule kila mwanamke alikuwa Mama fulani, hata mpangaji wa chumba cha mwisho ambaye mtoto wake alikuwa bado hajui kutembea, ila yeye alikuwa Nafula tu, kwa wakubwa na kwa wadogo. Wafanyabiashara wa upande wa Uganda pekee ndio waliompa heshima. "Nyabo, ongeza mchuzi," walisema, naye aliongeza kuliko kipimo. Ukuta wangu na wa jikoni ulikuwa bati moja, kwa hiyo nilisikia siku nzima ya mwisho wa juma ikiitwa kwa jina hilo. Nafula, maji ya mzee. Nafula, sahani mbili, moja bila pilipili. Nafula, unafanya nini huko?

Nilianza kuona jambo ambalo sikutaka kuliona, kwa sababu nilikuwa nimefunzwa kulitazama kutwa na kulipwa kwa hilo. Kuku akichinjwa, firigisi ilikwenda kwa mzee, mapaja kwa watoto, kifua kwa Mama Brayo. Nafula alikula mwisho, amesimama kando ya jiko, sufuria mkononi, ukoko wa ugali na shingo ya kuku, upesi upesi, macho mlangoni. Akisikia tu ndara za Mama Brayo akaiweka sufuria chini. Mikono yake ilikuwa myembamba na tumbo lilikuwa mbele. "Huyu anakula pesa ya mzee, tazama," matanboi walitaniana. Jioni moja nilimkuta kwenye vingazi ameinama. "Dada Nafula, vipi?" "Aki hiki kifua, Nabwire. Kinanibana hapa, halafu mkono huu unakufa. Ngoja, kitapita." Mama Brayo alisikia kutoka ndani. "Hiyo ni gesi! Si nimekuambia uache maharagwe? Kunywa soda." Zahanati ya kichochoroni walimpa vidonge vyeupe vya kutafuna, vya asidi. Aliporudi tena wakampa vilevile. Niliporudi naye mimi mwenyewe, nikasema neno moyo, yule bwana wa zahanati alinitazama kwa huruma. "Sister, moyo ni ya wazee wanene. Huyu ni stresi tu." Alisema stresi tu, kana kwamba stresi ni kitu cha kuchekea. Nilikuwa nimetoka kutazama stresi asubuhi nzima nyuma ya waya.

Na sikuweza hata kumweleza Nafula vizuri. Jaribu wewe kumwambia mtu unayempenda kwamba anafanana na tumbili. Nilizunguka, nikaanza na hofu na mafuta na mayai ya uzazi, mpaka akaweka kisu chini. "Kwa hivyo huko Alupe mko na nyani anaitwa Nafula?" Nikataka ardhi inimeze, lakini alikuwa anacheka, akashika ubavu kwa kicheko. Halafu akauliza, polepole, akimenya kitunguu, "Na huyo wenu wa mwisho, akikaa peke yake, analia?" Nikamwambia hapana, anakaa tu. "Eh," akasema. "Basi ni mimi."

Ndipo likaja lile kosa, na sijui kama lingeweza kutokea mahali pengine. Nafula alikuwa hajaona mwezi kwa muda mrefu, na tumbo lilikuwa limeongezeka. Aliyetangaza ni Mama Brayo mwenyewe, hotelini, mbele ya wateja: "Huyu wetu ameshika mimba." Nilidhani atachukia, lakini alifurahi kuliko wote, na baadaye nilielewa kwa nini. Miaka yote watu walikuwa wakinong'ona kwamba yeye ndiye aliyemfunga tumbo mke mwenzake, na sasa tumbo limefunguka, jina lake limesafishwa. Mama mkwe akaja kutoka Namboboto na kuku kwapani, akampapasa Nafula kwa viganja vyake vikubwa, akasema ni kijana na amekaa juu. Kifua kubana? Hicho ni kiungulia, mtoto ana nywele nyingi. Usiku uleule kiti cha plastiki chenye mikono, kiti cha Mama Brayo, kikahamishiwa jikoni. Msichana wa jirani akaletwa kusaidia kuosha sahani. Nafula alipewa supu kwanza, kabla ya watoto, na siku moja, nilishuhudia kwa macho yangu, Mzee Wandera aliichukua firigisi kwenye sahani yake akasema, "Mpelekeeni Mama Toto." Wakaanza kumwita hivyo. Mama Toto, umekula? Mama Toto, usiinue hiyo, utaumia.

Mimi nilikuwa na shaka. Nilikuwa nimeliona tumbo la namna ile na nilijua kulikuwa na nini ndani yake. Nikamuuliza, tukiwa peke yetu, "Dada, una uhakika?" Hakukasirika. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti, miguu ameinyoosha, anakula papai kwa kijiko bila haraka yoyote. "Nabwire, usiniulize hilo. Ni mara ya kwanza nimeletewa kiti." Nikamkatia kipande kingine cha papai. Na nisikilizwe vizuri hapa: katika miezi ile Nafula alipanda vingazi vya jikoni bila kusimama. Sikumsikia hata mara moja akitaja mkono kufa. Kule kituoni tulikuwa tumemhamishia Njano kwa muda kwenye kizimba cha wageni ambao hawakumjua, akapata pembe yake ya kukaa na rafiki wa kumchambua, na hedhi yake ikarudi. Daktari alikuwa mwangalifu, alisema mnyama mmoja si ushahidi. Lakini mimi nilikuwa nao wawili.

Miezi ikapita, kijana hakucheza tumboni, na Mama Brayo akampeleka kupigwa picha. Nilikuwa uani waliporudi. Nafula alitangulia, Mama Brayo akafuata nyuma akiongea peke yake. "Mafuta! Eti ni mafuta tu! Sasa nitawaambia watu nini? Nilinunua mpaka nepi!" Aliingia jikoni, akatoka na kiti. Hakumtukana wala hakumpiga, alikichukua tu kiti akakirudisha mbele, hotelini, mahali pake, na msichana wa jirani akaambiwa aende kwao. Kufikia jioni jina lilikuwa limerudi. Nafula, maji ya mzee. Nikaingia jikoni nikamkuta amesimama, anakoroga. Nilitaka kupiga kelele. Tumbo la tumbili lilipotokeza, watu wenye shahada walikusanyika, wakalipima, wakaliandika, wakalipigia simu ng'ambo. Tumbo la Nafula lilipotokeza, mashine ilionyesha kitu kilekile, na jibu likawa ni mafuta tu, mama, nenda nyumbani.

Njano alirudishwa kwa Nyekundu, kwa sababu mpango ulitaka hivyo, na mwisho wa kandarasi ukawa mwisho wao wote, kama tulivyojua tangu mwanzo. Mzee Etyang hakuja kazini siku hiyo. Daktari Mwende aliufungua mshipa wa moyo wa Nyekundu ukawa laini, mweupe kwa ndani. Akaufungua wa Njano. Utando mzito wa manjano ulikuwa umeganda pande zote, njia imebaki nyembamba, na chakula kilikuwa kilekile kwa wote wawili. "Umeona?" aliniuliza, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyepata alichokuwa akitafuta. Mimi nilikuwa nalia. Nikamwambia kuhusu Nafula, yote, tangu vingazi hadi kiti. Nikamwomba amlaze kwenye ile mashine ya mapigo ya moyo, mara moja tu, mashine iko hapo inapoa, tumbili wamekwisha. Alivua glavu zake. "Nabwire, hii mashine imeandikishwa kwa ajili ya wanyama. Nikimgusa binadamu hapa wananifungia kituo. Mpeleke hospitali kubwa, Eldoret. Waambie wampime moyo, usikubali vidonge vya asidi." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesema kweli tupu. Lakini nilipotoka nililiona lile blanketi limefuliwa, limeanikwa kwenye waya, na nikatamani kulichana.

Nikaenda kwa Mzee Wandera. Nilimkuta hotelini, nikasimama mbele yake kama mwanafunzi, nikamweleza kwamba mafuta ya tumboni ni hatari, kwamba mishipa ya moyo inaziba polepole bila mtu kujua, kwamba kifua kikibana na mkono ukifa si gesi, kwamba Eldoret kuna wataalamu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kisha akalitazama tumbo lake, akalishika kwa mikono yote miwili. "Unasema ya tumboni?" "Ndiyo, mzee, lakini mimi nasema kuhusu Nafula." "Nimesikia. Nimesikia." Juma lililofuata alikodi gari akaenda Eldoret. Alikwenda yeye. Alipimwa moyo, akapimwa damu, akarudi na dawa za kunywa kila siku na amri ya kuacha firigisi. Ua mzima ulinishukuru. Mama Brayo alinikumbatia. Nafula alipewa kazi mpya, kumpikia mzee chakula chake peke yake bila mafuta na kumpelekea maji ya dawa asubuhi na jioni.

Nilibaki na njia moja tu, kumpeleka mwenyewe kwa mshahara wangu wa mwisho. Nilipanga kila kitu. Asubuhi ya safari nilimkuta amevaa gauni la kila siku. "Siendi," akasema. "Dada, ni mashine tu, hata haiumi." Alinigeukia, na hiyo ndiyo mara pekee nilimwona amekasirika. "Mashine? Mara ya mwisho niliingia kwa mashine nikiwa na mtoto, nikatoka bila. Unataka waniambie nini tena ambacho sina?" Nilibishana, nikasihi, nikamwambia ukweli wote wa Njano mpaka ule utando wa manjano. Akaniacha nimalize, akaushika mkono wangu kwa wake. "Mdogo wangu, wewe umenitazama vizuri. Hakuna mwingine aliwahi. Lakini kutazama na kunitoa hapa ni vitu viwili." Nikaondoka Busia juma hilohilo. Kwa miaka yote iliyofuata nilimpigia simu, na kila simu ilikuwa na nitaenda, nitaenda, acha mvua ipungue, acha mzee apone mafua. Wiki mbili zilizopita alianguka kwenye vingazi. Muda mfupi, wakasema.

Baada ya maziko nilikalishwa meza kuu, kwa sababu Mzee Wandera aliniona. Bado yupo. Amekonda, anatembea na mkongojo, lakini yupo, na alinishika mkono mbele ya wageni akawaambia, "Huyu ndiye aliniokoa. Huyu ndiye alijua mambo ya moyo." Mama Brayo alikuwa kando yake, macho yamevimba kwa kulia, na kilio chake kilikuwa cha kweli, siwezi kumnyima hilo. Nilipakuliwa pilau na nyama. Nikaichukua sahani nikazunguka nyuma ya nyumba, kwenye moshi. Kulikuwa na msichana anayeosha sufuria peke yake, mke wa Brayo, wenzake wamekwenda kula. "Unaitwa nani?" "Sharon." "Mama nani?" Akainamisha macho. "Sharon tu." Nikavuta kiti, nikamkalisha, nikamwekea sahani mapajani. "Kula." Kabla hajatia tonge mdomoni, sauti ikatoka mbele, "Sharon! Maji ya mzee ya dawa!" na akawa ameshasimama. Nikamrudisha kitini kwa bega. "Nitapeleka mimi." Nikapeleka. Mzee akameza vidonge vyake, akanishukuru tena.

Niliporudi kiti kilikuwa kitupu. Sharon alikuwa amesimama kando ya jiko, na sahani ilikuwa mezani, imefunikwa vizuri kwa sahani nyingine. "Nimemwekea Mama Brayo," akasema. "Bado hajala." Nikaifunua. Sikuweza kusema kwa upole, nilikuwa nimemaliza upole wote miaka mingi nyuma. "Kaa. Kula mbele yangu." Nikaenda nikasimama mlangoni, na gauni langu la maziko, nikauziba mlango kwa upana wangu wote. Akaketi ukingoni mwa kiti. Akala upesi upesi, bila kuitazama sahani, macho yakitafuta pengo lolote kati yangu na fremu ya mlango.